Deep Purple na albamu ya =1: wazee hawa bado wako kazini

Sikiliza dramu kwanza. Kabla hujauliza kama mwimbaji Ian Gillan bado ana sauti, kabla hujaanza kupima gitaa jipya kwa lile la zamani, weka "Show Me", wimbo unaofungua albamu ya =1 ya Deep Purple, bendi ya roki ya Uingereza, umfuate Ian Paice peke yake mpaka mwisho. Hapigi kwa kishindo. Anapiga kwa uzito uliotulia, kila pigo mahali pake, na katikati ya mapigo makubwa anatia vijipigo vidogo kwenye ile ngoma iliyo katikati ya magoti, vijipigo ambavyo hutavitambua mpaka mtu mwingine aupige wimbo huohuo bila hivyo. Mimi hupiga kibodi kanisani, huku Buruburu, na mahali pangu ni ubavuni mwa mpiga dramu. Nimepigiwa na vijana wengi, wenye kipawa na wasio nacho, na najua vidole vinavyopata uhuru pale mdundo unapokuwa na mwenyewe. Katika albamu hii mdundo una mwenyewe kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa kumi na tatu.

Paice alitimiza miaka 76 wiki chache kabla albamu haijatoka. Kati ya walioianzisha bendi hii Uingereza mwaka 1968, yeye tu ndiye aliyebaki, na yeye tu ndiye anayesikika katika kila albamu yao. Mwaka 2016 aliamka asubuhi upande wa kulia wa mwili wake ukiwa na ganzi. Kilikuwa kiharusi kidogo. Maonyesho kadhaa yakafutwa, akatibiwa, akarudi kwenye kiti chake. Hutumia mkono wa kushoto, kwa hiyo vyombo vyake vimepangwa kinyume na vya wapiga dramu wengi. Siyasemi haya ili umwonee huruma. Nayasema kwa kuwa ukishayajua, kisha ukasikia anavyokimbia kwenye "A Bit on the Side", wimbo wa pili, utaelewa kwamba mzee huyu hajapunguziwa kazi na mtu. Sisikii mahali ambapo mashine inamsaidia kutunza mwendo. Mwendo unapanda kidogo wimbo unapochemka, unashuka kidogo kwenye ubeti, kama inavyopaswa watu wanapopiga wakiangaliana.

Albamu ilitoka Ijumaa tarehe 19 Julai 2024, kupitia kampuni ya rekodi ya earMUSIC ya Ujerumani. Ni ya 23 kati ya albamu zao za studio. Nairobi wiki hizo ilikuwa na mambo yake. Jumanne baada ya Jumanne vijana walikuwa barabarani wakiandamana, maduka ya katikati ya jiji yameteremsha milango ya chuma, na sisi wa Eastlands tulikuwa tunapiga simu kuuliza kama magari yanaingia mjini kabla ya kuvaa viatu. Muziki wa wazungu wa miaka karibu themanini haukuwa habari kwa yeyote. Niliuanzia nyumbani, siku ambazo hapakuwa na pa kwenda, na nilipofika kwenye "No Money to Burn" nilitulia nikasikiliza jina lenyewe tena, maana Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya, ulikuwa ndio kwanza umerudishwa bungeni na kila nyumba ilikuwa inazungumzia pesa. Wimbo wenyewe hauna habari na Kenya. Ni roki iliyonyooka, ya gitaa zito na kiitikio kifupi. Lakini nyimbo hutukuta mahali tulipo, na huo ulinikuta hapo.

Kuhusu jina la albamu, Gillan alieleza kwamba dunia inazidi kuwa na utata, na mwisho wa utata wote kila kitu kinarudi kuwa kitu kimoja. Hilo ndilo jina. Sina zaidi la kusema juu yake. La maana ni aliyeketi upande wa pili wa kioo studioni: Bob Ezrin, Mkanada aliyetayarisha albamu za Alice Cooper na Kiss, na aliyekuwa mmoja wa watayarishaji wa The Wall ya Pink Floyd. Alianza kazi na Deep Purple kwenye Now What?! ya mwaka 2013, na hii ni ya tano kwake pamoja nao. Miaka hiyo yote kipaji chake kimekuwa kuwazuia wasijinakili. Wangeweza kuirudia albamu yao ya Machine Head ya 1972 kila miaka mitatu na mashabiki wangenunua. Badala yake tunapata watu wanaotunga nyimbo fupi, nyingi zake za dakika tatu au nne, na kila moja ina kona ambayo hukuitarajia.

Sasa nije kwenye ogani, maana hapo ndipo nina la kusema.

Ogani ya Hammond iliundwa Marekani miaka ya 1930 na Laurens Hammond, na wateja wake wakubwa walikuwa makanisa yasiyo na uwezo wa kununua ogani ya mabomba. Ukitaka kujua ogani ya mabomba ni nini, ingia All Saints Cathedral siku inapopigwa. Hicho ni chombo kinachojengwa pamoja na jengo. Hammond alitafuta njia ya kuipata sauti ile ndani ya kabati la mbao. Ndani yake kuna magurudumu madogo ya chuma, yenye mawimbi ukingoni, yanayozunguka mbele ya sumaku, na umeme unaozaliwa hapo ndio unaokuwa sauti. Mpigaji ana vijiti vya kuvuta na kusukuma ili achanganye sauti nene na nyembamba apendavyo. Kisha kuna spika ya Leslie, ambayo sehemu zake huzunguka ndani ya sanduku lake, na ndiyo inayoleta ule mtetemo unaotembea chumbani. Nani kati ya waliokulia kanisani hajawahi kusimamisha nywele kwa mtetemo ule, hata kama ulitoka kwenye kibodi ya bei nafuu yenye kitufe kilichoandikwa Organ?

Jon Lord alikichukua chombo hicho cha kanisa akakipitisha kwenye amplifaya za Marshall, zile za magitaa, kikanguruma. Hiyo ndiyo alama ya Deep Purple. Watu humkumbuka mpiga gitaa, lakini ukiondoa ogani, bendi inakuwa nyingine. Mimi nilimjua Lord kupitia kaseti ya kaka yangu mkubwa, aliyoinunua River Road, na wimbo ulionishika ulikuwa "Lazy", ule unaoanza kwa ogani peke yake, ikihema na kuguguma kabla wengine hawajaingia. Nilijifunza mwanzo ule kwa kusimamisha kaseti na kuirudisha mpaka utepe ukaanza kulegea. Lord alistaafu kutoka bendi mwaka 2002 na akafariki Julai 2012. Kiti chake kilichukuliwa na Don Airey, mtu aliyewahi kupiga na Rainbow, Whitesnake na Ozzy Osbourne, na ambaye yeye pia alikuwa mzee wa miaka 76 albamu hii ilipotoka.

Airey hamwigi Lord. Lord alikuwa na mkono wa mtu aliyesoma muziki wa Bach na akakataa kuusahau. Airey ana ujanja wa jazi, anapenda noti za pembeni, na ana subira. Msikilize katika "Portable Door", wimbo uliotangulia kutolewa Aprili 2024. Gitaa na ogani zinashika mstari mmoja, bega kwa bega, mpaka huwezi kusema hii imeishia wapi na ile imeanzia wapi. Halafu wakati wa solo zinaachana, kila moja inasema lake. Ningemshauri kila mpiga kibodi wa kanisa hapa Nairobi ausikilize wimbo huo kwa ajili ya jambo moja tu: mkono wa kushoto wa Airey. Hajazi kila nafasi. Sisi tumezoea kujaza. Mhubiri akinyamaza tunajaza, kwaya ikivuta pumzi tunajaza, hata maombi tunayatandikia kodi tatu, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, zinazozunguka. Airey anaiondoa mikono yake kwenye chombo kwa mizani nzima, kisha anarudi na kodi moja iliyokaa pale inapohitajika, na wimbo unainuka. Hilo hufundishwi kwenye kozi ya kibodi ya wiki sita.

Kitu kipya katika albamu hii ni mpiga gitaa. Steve Morse, aliyekuwa nao tangu 1994, aliondoka mwaka 2022 ili amtunze mkewe aliyekuwa mgonjwa. Nilimheshimu Morse kwa muziki wake, na kwa uamuzi ule nilimheshimu zaidi. Nafasi yake ikachukuliwa na Simon McBride wa Belfast, aliyezaliwa 1979, miaka saba baada ya Machine Head. Hakuokotwa njiani. Alikuwa ameshapiga na Airey na hata na Gillan katika kazi zao za kando, kwa hiyo aliingia akiwajua.

Na ameibadilisha bendi. Morse alipenda mistari mirefu, noti nyingi zinazopanda na kushuka bila kupumua, kazi ya fundi mkubwa. McBride ni mtu wa bluzi. Anauma noti moja, anaiacha ilie, anasubiri. Sauti ya gitaa lake ina mchanga ndani yake. Hilo limemrudishia Airey nafasi ambayo kwa miaka mingi hakuwa nayo, kwa sababu ukipiga na mtu anayejaza, wewe unarudi nyuma. Ukipiga na mtu anayesubiri, unalazimika kumjibu. Ndiyo maana solo za albamu hii ni za kujibizana. Katika "Show Me" gitaa na kinanda wanapokezana kama malenga wawili kwenye ngonjera, mmoja akitupa ubeti, mwenzake akiudaka kwa vina vilevile na kuugeuza. Unasikia kwamba wanafurahia. Na huyu McBride, kijana wao aliyekuwa na miaka 45 albamu ilipotoka, hajawaogopa hata kidogo.

Solo yake ninayoirudia zaidi iko kwenye "If I Were You", mmoja wa nyimbo mbili za polepole. Mwingine ni "I'll Catch You", karibu na mwisho, na huo ni wa bluzi safi, wenye roho ya nyimbo za toba. Usiku nyumba ikiwa kimya, na jirani wa juu amezima televisheni yake, nyimbo hizo mbili zinatosha.

Kuna kijana anayenipigia dramu siku hizi. Ni mtu wa Kakamega, na isukuti, ngoma ya kwao, iko mikononi mwake tangu utotoni, ingawa kanisani hujaribu kupiga kama anavyoona kwenye video za Marekani, sahani nyingi, mbio nyingi. Baada ya mazoezi nilimwekea "Lazy" ya 1972 kwanza, kisha nikamwekea nyimbo tatu za mwanzo za =1 bila kumwambia kwamba kati ya rekodi hizo kuna miaka zaidi ya hamsini.

"Mwalimu, ni mtu mmoja huyu?" akauliza.

"Ni mmoja."

"Sasa mbona huku mbele amepunguza?"

"Amepunguza nini?"

Akasikiliza tena. "Mikono. Lakini inasukuma zaidi."

Nilifurahi sana kumsikia akisema hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyo. Paice alikulia kwenye kusikiliza wapiga dramu wa bendi kubwa za jazi, kina Gene Krupa na Buddy Rich, na ule mwendo wa kuyumba, unaogawa pigo kwa tatu badala ya mbili, haujamtoka. Hata anapopiga mdundo ulionyooka wa roki, ndani yake kuna kuyumba. Ni kitu ambacho mtoto wa isukuti anakijua tayari kwa mwili. Nilimwambia hivyo. Jumapili iliyofuata alipiga pambio moja la mwendo wa sita kwa nane na akaacha sahani zake zipumzike, na akina mama wa mstari wa mbele wakasimama wenyewe bila kuambiwa na kiongozi wa sifa.

Gillan, basi. Alikuwa na miaka 78 albamu ilipotoka, mwezi mmoja kabla ya kutimiza 79. Ukija na kumbukumbu ya "Child in Time" ya 1970, zile kelele zinazopanda mpaka unahofu kioo kitapasuka, usizitafute hapa. Yeye mwenyewe aliuacha wimbo ule miaka mingi iliyopita, na alifanya vyema. Sauti iliyobaki ni ya chini, kavu kidogo, ya mtu anayekusimulia jambo akiwa amekuegemea. Anajua mipaka yake kwa usahihi wa ajabu na anatunga ndani yake. Nimeona waimbaji wa kwaya waliokataa kushuka ufunguo mmoja uzeeni, wakaimba sopranu kwa miaka kumi ya ziada kwa gharama ya kila mtu. Gillan ameshuka kwa heshima. Halafu, pale ambapo umeshakubali kwamba ameshuka, inakuja "Now You're Talkin'", wimbo wenye mbio kuliko yote hapa, na ndani yake anapanda. Si kwa muda mrefu. Lakini anapanda, na ni yeye.

Maneno yake yamejaa mzaha wa Kiingereza na mafumbo ya mtu anayependa kucheza na lugha. Mengine yananipita, na sioni aibu kusema kwamba kuna mistari katika "Lazy Sod" na "Old-Fangled Thing" ambayo naifurahia kwa jinsi inavyokaa kwenye mdundo kuliko kwa maana yake. Kwenye besi yuko Roger Glover, rika la Gillan, rafiki yake tangu kabla hawajaingia pamoja katika bendi hii mwaka 1969. Glover haonekani, na hiyo ndiyo sifa yake. Kwa mtu anayetoka kwenye benga, ambako besi inazungumza wimbo mzima, huenda Glover akaonekana mnyonge. Mfuate pamoja na ngoma ya mguu ya Paice, na utasikia kwamba wanapiga kitu kimoja.

Kasoro zipo. Nyimbo kumi na tatu ni nyingi. Karibu dakika 52 zote, na katikati albamu inalegea. "Sharp Shooter" ni wimbo mzuri ambao hauendi popote. "I'm Saying Nothin'" nimeusikiliza kila mara kwa nia njema na kila mara akili imetoka nikaanza kufikiria sufuria jikoni. Kama Ezrin angeziondoa hizo mbili, tungekuwa na albamu ya nyimbo kumi na moja iliyokaza mwanzo hadi mwisho. Jambo la pili linaniuma zaidi: kuna mahali ambapo gitaa limewekwa mbele mno na ogani ikasukumwa ukutani, hasa kwenye viitikio. Naelewa kwa nini. Una mpiga gitaa mpya, unataka dunia imsikie. Lakini bendi hii ina vyombo viwili vya kunguruma, na mara mbili tatu nilitaka kunyoosha mkono nimpandishe Airey.

Ambalo linanileta kwenye suala la utaisikilizia wapi, na kwa Nairobi hilo si dogo. Nimeijaribu kwenye gari. Kwenye matatu za Buruburu, zile za namba 58, spika ni kubwa na zina nguvu kuliko za kanisa letu, lakini zimepangwa kwa besi ya chini kabisa na zile sauti kali za juu. Katikati kumeachwa wazi. Ogani ya Hammond inaishi katikati. Sauti ya binadamu inaishi katikati. Gitaa la McBride linaishi katikati. Dereva mmoja mkarimu alikubali kuunganisha simu yangu tukiwa tumekwama Jogoo Road, na kilichotoka ni ngoma ya mguu, sahani, na mahali fulani mbali sana, bendi. Abiria hawakulalamika, ila hawakusikia Deep Purple.

Simu nayo bila kifaa cha masikioni haifai kabisa kwa muziki huu. Hedifoni za kufunika sikio zima, hata zisizo za bei kubwa, zitakupa karibu kila kitu. Lakini kama una spika za zamani za mbao nyumbani, zile za wazee wetu zilizogeuzwa meza ya maua, zishughulikie. Zangu zilikuwa zimeoza ile duara laini inayoshika ukingo wa koni. Nilizipeleka kwa fundi wa Luthuli Avenue, kijana mtaratibu anayefanya kazi kwenye kona ya duka la mtu mwingine. Alibadilisha duara zile, akasafisha waya, kisha akasema, "Mama, tuzijaribu na nini?"

Nikampa "Bleeding Obvious", wimbo wa mwisho wa =1. Ni mrefu kuliko mingine, unakaribia dakika sita, na mwendo wake unabadilika mara kwa mara: unaanza kwa nguvu, unavunjika, unakuja polepole, unajikusanya upya. Ni wimbo unaozidai spika kila kitu. Watu wawili waliokuwa wanauliza bei ya rimoti walisimama. Fundi mwenyewe aliweka chini bisibisi na akasogea mpaka katikati ya spika hizo mbili, mahali pale ambapo kushoto na kulia vinakutana.

"Hiki kinachonguruma ni gitaa?" akauliza.

"Ni kinanda."

"Hapana, Mama."

"Ni kinanda, mwanangu. Kinanda cha kanisa."

Akaniomba niurudie, na akauliza jina la bendi, akaliandika kwenye simu yake.

Kuipata si kazi. Iko kwenye huduma za kusikiliza muziki mtandaoni. Anayetaka santuri yenyewe itambidi aiagize kutoka nje, na akumbuke kuuliza ushuru mapema, maana ushuru unaweza kukaribia bei. Vibanda vya santuri vya Kenyatta Market ni mahali pazuri pa kutafuta Deep Purple wa miaka ya sabini, na ukibahatika na In Rock au Machine Head isiyo na mikwaruzo, usisite; =1 sijaiona huko. Waliokuwa wakisikiliza X FM 105.5 enzi zile ilipokuwa inatupigia roki usiku kucha watajua mara moja wako nyumbani. Wasiowahi kusikia roki yoyote wasianze na wimbo wa kwanza. Waanze na "Portable Door", waende "Pictures of You", ambao ndio wenye sauti tamu kuliko yote na unaoweza kupigwa mbele ya mgeni yeyote, kisha "If I Were You". Wakishafika hapo wakiwa bado wamekaa, warudi mwanzo na wapandishe sauti.

Kwa wapiga vyombo wa makanisani nina ombi moja la ziada. Msiisikilize albamu hii mkiwa mnafanya kazi nyingine. Mkae wawili wawili, mpiga dramu na mpiga besi pamoja, mpiga kibodi na mpiga gitaa pamoja, na kila wimbo mtafute ni nani aliyenyamaza na kwa nini. Kijana wangu na mimi tumefika wimbo wa saba. Ametaka turudi kwenye wa pili kwanza, anasema kuna kitu Paice anafanya na mguu wake kabla ya kiitikio ambacho bado hajakikamata, na mimi nimesikiliza mara kadhaa nikakubaliana naye kwamba kipo.